Aliyevunja Akaenda Zake

Katika miaka ya Wajerumani, vita vya Maji Maji vikiwa vimepita lakini havijasahaulika, pale Songea palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na mkokoteni wake mwenyewe. Aliitwa Daimu, Myao wa upande wa Tunduru. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, hata ukimwona kwa mbali ungedhani ameinama kuokota kitu.

Bega lile liliharibikia vitani. Kabla ya hapo alikuwa mpagazi, mtu wa misafara, akichukua nta na mpira wa porini kutoka Songea mpaka Lindi na kurudi na chumvi na nguo. Mwaka wa vita kikosi cha askari kilimkuta njiani kikamwongeza katika mstari wa wapagazi wake, na kwa miezi saba akabeba masanduku ya risasi. Alipoachiwa, mkono wa kushoto haukupanda tena juu ya kichwa. Hakurudi Tunduru. Alibaki Songea, akamwoa Mwanaheri, binti wa Kiyao aliyekulia hapohapo karibu na boma, akaanza kutafuta kazi isiyotaka bega.

Kazi hiyo aliipata kwa Hironimus, seremala wa Kingoni aliyejifunza ufundi misheni. Daimu alimpasulia mbao kwa misimu miwili ya mvua, akivuta msumeno kwa mkono wa kulia, na walikubaliana tangu mwanzo kwamba ujira wake utakuwa mkokoteni. Hironimus alitimiza. Alimtengenezea mkokoteni wa magurudumu mawili ya mninga yaliyovikwa ukanda wa chuma, na mikono miwili mirefu ya kusukumia. Siku ulipotoka karakanani watu walitembea nyuma yake mpaka sokoni kuutazama tu.

Tangu hapo wakamwita Daimu wa Gari. Alichukua mahindi, ulezi na maharage kutoka Mpitimbi mpaka Songea, na wenye mizigo walimpa sehemu ya walichovuna. Mara mojamoja alikwenda njia ya Tunduru. Njia ya kaskazini tu, ya Madaba, hakuipita. Mtu akimwomba kupeleka mzigo huko, alijibu kwamba vilima ni vikali. Mwanaheri aliwahi kumwuliza ni vilima gani, maana Mpitimbi nako kuna vilima. Daimu akainuka kwenda kutazama magurudumu, na mkewe hakuuliza tena.

Sasa ikawa Ijumaa moja ya mwaka 1912, wakati wa baridi, ukungu umekaa juu ya milima mpaka saa nne. Daimu alifika sokoni na magunia sita ya ulezi, akashusha matatu, akauegesha mkokoteni kando ya banda la soko pamoja na matatu yaliyobaki. Aliweka jiwe mbele ya kila gurudumu na jingine nyuma yake. Kisha akaenda kuswali.

Aliporudi aliukuta umelala ubavu. Gurudumu la kulia lilikuwa vipande, ukanda wake wa chuma umepinda kama ugwe. Mhimili ulikuwa umekatika katikati. Gunia moja lilikuwa limepasuka na kuku wanadonoa ulezi katika vumbi. Ardhini palikuwa na alama pana za magurudumu mengine, nazo zilirudi nyuma mpaka pale mkokoteni ulipokuwa, zikageuka, zikaenda zake.

Watu walikuwapo wengi. Muuza chumvi alikuwapo hatua kumi tu kutoka hapo. Wasuka mikeka walikuwapo.

"Nani amefanya hivi?" Daimu aliuliza.

Muuza chumvi akatazama chumvi yake. "Mimi nilikuwa nimegeuka huku, ndugu yangu."

"Nasi tulisikia kishindo tu," mmoja wa wasuka mikeka alisema. "Tulipotazama hapakuwa na mtu."

Daimu hakuwakasirikia. Aliwajua. Baada ya vita watu wa Songea walikuwa wamejifunza kutoona. Aliyeona aliitwa bomani kueleza alichokiona, na aliyeitwa bomani hakujua atatoka vipi. Waliogopa yaliyowapata wazee wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani, na waliogopa njaa iliyofuata, ambayo haikuacha nyumba isiyolia. Wakati kama huo mtu hutunza macho yake. Kwa hiyo Daimu alikusanya ulezi kwa viganja akishirikiana na kuku, akafunga gunia kwa kamba, akaenda kumwita Hironimus.

Seremala alizunguka mkokoteni mara mbili, akapiga goti, akapitisha kidole katika mpasuko wa mhimili.

"Mti wa mhimili ninao," alisema. "Gurudumu ndiyo kazi. Mninga mkavu wa kutosha sina, na kupasua mwingine nahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa msumeno. Wewe bega lako halitaweza msumeno mkubwa, Daimu. Tusidanganyane."

"Nitatafuta mtu."

"Mtafute aliyevunja," Hironimus alisema, akajipangusa magoti.

Jioni, jua halijazama, Zena muuza vitumbua alifika nyumbani kwa Daimu akijifanya amekuja kuazima kinu. Mwanaheri alimkaribisha. Zena alikaa kidogo, akasifu ua, kisha akasema kwa sauti ya chini bila kumtazama Daimu, "Ni lile gari la maksai linalopeleka chumvi na majembe Madaba. Mwenye kuliswaga anaitwa Osmund. Alikuwa anageuza mahali pasipo nafasi, ng'ombe wakashtuka, wakarudi nyuma. Alishuka. Aliutazama mkokoteni, akatutazama sisi. Sisi tukaangalia pembeni. Akapanda tena akachapa ng'ombe."

"Ahsante, dada," Daimu alisema.

"Mimi sijasema kitu. Nimekuja kuazima kinu."

Akaondoka nacho kweli.

Mwanaheri alimwaga maji ya kunawa, akakaa mbele ya mumewe. "Utakwenda bomani?"

"Sitakwenda."

"Gari lile ni la tajiri wa Kizungu, lakini aliyevunja ni mtu kama wewe. Bomani watamsikiliza nani?"

"Watamlaza chini wampe hamsa ishirini za kiboko," Daimu alisema. "Kisha watamwachia, na mimi gurudumu langu litakuwa bado limevunjika. Mimi mwenyewe nimelala pale, Mwanaheri. Simpeleki mtu."

"Basi utafanyaje?"

"Nitamfuata."

"Madaba?" mkewe aliuliza, na Daimu akajua kwamba hajalisahau lile jibu la vilima.

"Ndiyo," alisema. "Madaba."

Aliondoka asubuhi na mapema, na kibuyu cha maji, na bumunda tatu za mahindi alizofungiwa na mkewe katika jani la mgomba. Alama za gari zilikuwa wazi. Maksai hutembea polepole, na mtu mwenye miguu ya msafara huwapata siku ya pili. Alikwenda bila haraka. Ukungu ulipoinuka aliona vilima alivyovikimbia miaka sita, navyo kwa kweli havikuwa vikali.

Alasiri alifika kwenye kijito chenye mawe makubwa matano ya kuvukia. Alisimama pale muda mrefu kuliko unaotakiwa kuvuka kijito. Ng'ambo palikuwa na nyumba nne, mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa, na moshi mmoja. Alipenda kupita. Lakini miguu ilikuwa imechoka, jua lilikuwa linashuka, na mbele hapakuwa na kijiji karibu. Akapiga hodi kwenye nyumba yenye moshi.

Aliyetoka alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, na msalaba mdogo wa shaba shingoni. Nyuma yake, kando ya moto, alikaa bibi kizee aliyekwisha poteza nuru ya macho.

"Shikamoo, bibi," Daimu alisema. "Habari za hapa, mama. Mimi ni msafiri, natoka Songea. Naomba pa kulala, hata jikoni."

"Marahaba, mwanangu," bibi alijibu.

"Karibu," mwanamke alisema. "Mimi ni Kunegunda. Huyu ni mama mkwe wangu. Jikoni kuna mkeka."

Walimpa togwa ya ulezi, baridi na nzito, kisha ugali na mboga ya kunde. Kunegunda alimwuliza habari za Songea, naye akamweleza shida ya mkokoteni. Mwanamke alisikiliza akikoroga moto kwa kijiti.

"Gari hilo limepita hapa adhuhuri," alisema. "Mwenyewe hakusimama kunywa maji, na kila safari husimama. Nikasema leo ana lake. Sisi hapa tumezoea watu wanaovunja na kupita. Ukitoka nje utaona mawe yamepangwa duara, meusi. Palikuwa na ghala letu. Mwaka wa vita askari walikuja na wapagazi wao, wakachukua mahindi waliyoweza kubeba, mengine wakayatia moto. Siku hiyohiyo wakamchukua mume wangu abebe. Tukabaki mimi na mama huyu na watoto wawili. Watoto njaa iliwachukua wote. Sisi wawili tulikula mizizi, tukabaki."

"Na mume?" Daimu aliuliza.

"Luambano? Hakurudi. Hatujui kama alikufa au yuko Lindi na mke mwingine. Padre alinishauri nimwombee kama marehemu. Mama hataki. Asema mtu haombewi kama marehemu bila kaburi."

Bibi kizee alitikisa kichwa. "Sijaona kaburi," alisema.

Daimu alisema usingizi umemshika, akaenda jikoni kulala. Hakulala. Kwa maana moto wa ghala lile aliutia yeye. Askari alimpa kinga cha moto akamwambia, wewe, na yeye akaenda akakiweka chini ya nyasi za paa kama mtu anayewasha jiko. Na jioni ya siku hiyo mtu mgeni mwenye kitanzi cha kamba shingoni alifungwa nyuma yake, na mtu huyo aliitwa Luambano.

Asubuhi alishukuru, akaaga, akaondoka bila kutazama mawe meusi.

Gari alilikuta kabla ya adhuhuri, limesimama kando ya njia, maksai wanne wamefunguliwa wanakula majani. Osmund alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Mngoni, kofia yake imefifia rangi. Alikuwa anapaka mafuta kwenye mhimili wa gari. Alipomwona Daimu anakuja, na bega lile, alimjua mara moja. Aliendelea kupaka.

"Salama, ndugu yangu," Daimu alisema.

"Salama."

"Nimekuja kwa ajili ya mkokoteni wangu."

"Mkokoteni upi? Mimi nimepita Songea na magari mengi hupita Songea."

Daimu akakaa juu ya jiwe. Alikuwa na subira ya watu waliozoea kungoja mzigo ufungwe. Alitoa bumunda ya mwisho, akaikata, akamnyoshea nusu. Osmund hakuichukua. Daimu akaiweka kando akala yake. Baadaye kijana akatupa kitambaa cha mafuta.

"Nani amekwambia?"

"Alama za gari lako."

"Basi twende bomani. Ndicho unachotaka. Nilazwe chini watu watazame, na tajiri anifukuze, na mama yangu kodi yake ailipe nani?"

"Bomani sitaki. Ningetaka bomani nisingetembea siku mbili. Nataka vitu viwili. Ukirudi Songea, simama pale sokoni useme ni wewe, watu wasikie. Kisha umshikie Hironimus msumeno mpaka gurudumu liishe."

Osmund akacheka kidogo, bila furaha. "Niseme? Mbele ya watu ambao waliona wakageuza nyuso? Wewe mzee unaniandama mimi kwa gurudumu. Hebu niambie, katika njia hii ni nani hajavunja kitu cha mtu akaenda zake? Askari walivunja. Wapagazi walivunja. Baba yangu alikuwa upande wa wapiganaji, nao walichoma misheni. Nani alirudi kusema ni mimi?"

Daimu aliyaacha maneno yote aliyoyatayarisha njiani. Alitazama maksai wakila.

"Hakuna," alisema mwishowe. "Hakuna aliyerudi."

"Sasa je."

"Sasa nimesema ninachotaka. Sina la kukulazimisha." Akainuka, akajipangusa. "Ile bumunda ni yako. Usipoila, sisimizi wataila."

Akageuka kurudi alikotoka. Moyoni alijua kwamba gurudumu huenda limepotea, na ajabu ni kwamba gurudumu halikuwa limemjaa kichwani tena.

Alifika kwenye kijito jua likiwa juu bado. Kunegunda alikuwa nje anapepeta ulezi. Daimu hakupiga hodi. Alikwenda mpaka kwenye duara la mawe meusi akasimama katikati yake, kwa kuwa aliona kama atakaa chini kwanza na kupewa togwa kwanza, hatasema.

"Mama," aliita. "Tafadhali mwite na bibi."

Kunegunda alimtazama, akaweka ungo chini. Alimleta mama mkwe wake akimshika kiwiko.

"Mimi nilikuwa katika wale wapagazi," Daimu alisema. "Mahindi ya ghala hili nilijaza gunia kwa mikono hii. Moto niliutia mimi. Niliamriwa, lakini mkono ni huu. Jana nilikula chakula chenu na sikusema."

Ndege wa mashambani walishuka kwenye ungo ulioachwa wakaanza kula, na hakuna aliyewafukuza.

"Liko na jingine. Luambano alifungwa nyuma yangu. Tulitembea pamoja siku kumi na tisa, kutoka hapa kurudi Songea, tukashika njia ya Tunduru. Alinifundisha kukunja ngata ya majani ili sanduku lisinile kichwa. Alikuwa anahesabu vijito kwa sauti, ili ajue kurudi. Kisha tumbo lilimshika, akahara damu. Alikufa alfajiri kwenye kijito cha kumi na moja tangu Songea, na mimi na mwenzangu mmoja tulipewa jembe tukamzika, si kirefu, lakini tulimfunika kwa mawe fisi wasimfukue. Alinieleza kwao. Alisema kijito chenye mawe matano. Alisema ukipita waambie. Mimi sikupita. Niliikwepa njia hii miaka sita."

Bibi kizee alikuwa ameinua uso kuelekea sauti yake. "Alifunikwa kwa mawe?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Kichwa kilielekea wapi?"

Daimu alifikiri. Alitaka kusema kweli katika hilo pia. "Mashariki. Nilimlaza kama tunavyowalaza wetu, kwa ubavu. Sikujua desturi yenu."

Bibi alikaa chini, pale pale juu ya jiwe mojawapo jeusi. Alilia kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu, na kulia kwake kulikuwa kama kazi iliyocheleweshwa inayofanywa sasa. Kunegunda hakulia. Alimtazama Daimu kwa namna ambayo hakuisahau.

"Watoto wangu walikuwa wawili," alisema.

"Najua. Ulinieleza."

"Nataka ujue majina yao." Akamtajia majina. Daimu akayarudia, moja, kisha la pili. Kunegunda akatikisa kichwa kwamba ameyasema sawasawa. Kisha akaenda ndani, na hakutoka tena mpaka Daimu alipoona kwamba ni heri aende. Alipofika kwenye mawe ya kijito alisikia anaitwa. Kunegunda alikuwa amesimama mlangoni.

"Mvua zikikatika mwaka kesho," alisema, "utatupeleka."

"Nitawapeleka."

Nyumbani Mwanaheri alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu wala hakumfariji, ila usiku huo na siku zilizofuata alimwita kwa jina lake la utotoni, jambo alilokuwa halifanyi mara nyingi.

Siku kumi na mbili zilipita. Mkokoteni ulilala karakanani. Siku ya kumi na tatu, soko limejaa, lile gari la maksai liliingia, likasimama mbali na banda, mahali penye nafasi. Osmund akashuka, akavua kofia. Alitembea mpaka mbele ya muuza chumvi, akageuka kuwatazama watu, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Mkokoteni wa Daimu niliuvunja mimi," alisema. "Niliona, nikaenda zangu. Nimekuja kuutengeneza."

Watu waliendelea kupima ulezi na kuchagua mikeka kana kwamba hawakusikia. Lakini Zena alimfungia vitumbua vinne katika jani akampa bila kuulizwa, na muuza chumvi, baada ya kusafisha koo mara mbili, alisema, "Kweli. Hata mimi nilimwona." Daimu, aliyekuwa ameitwa kutoka kwa Hironimus, alifika maneno yamekwisha semwa. Hayakuhitaji kurudiwa.

Osmund alimwambia tajiri wake kwamba ng'ombe mmoja anachechemea anahitaji kupumzika, akapata siku tatu. Kwa siku tatu alishika upande wa pili wa msumeno. Hironimus alikuwa mkali, naye hakujibu. Siku ya nne ilibidi aondoke, gurudumu limefungwa upesi kuliko seremala alivyopenda, na kwa kweli lilikuwa dogo kuliko mwenzake kwa upana wa kidole. Tangu hapo mkokoteni ulivuta upande wa kulia. Daimu alizoea kuusahihisha kwa nyonga.

"Bumunda yako niliila," Osmund alimwambia walipoagana.

"Ilikuwa kavu?"

"Ilikuwa kavu sana, kaka."

Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika na njia zikakauka, Daimu alikwenda kaskazini na mkokoteni wake. Bibi kizee alikaa ndani yake juu ya mablanketi, Kunegunda akatembea kando akishika ubao. Walilala Songea kwa Mwanaheri, aliyewapikia wali, kisha wakashika njia ya Tunduru. Bibi alitaka kuhesabu vijito mwenyewe. Kila walipovuka aliuliza kama ndicho hicho, akasema hesabu kwa sauti. Vingine vilikuwa vimekauka na Daimu alilazimika kumweleza kwamba hapa huwa pana maji.

Kwenye cha kumi na moja waliegesha mkokoteni kwenye kivuli. Mawe yalikuwapo, yamezama kidogo, nyasi zimeota katikati. Kunegunda alikuwa amechongewa msalaba misheni, nao Daimu akauchimbia shimo na kuushindilia. Mama na mkwe walisali kwa maneno yao. Daimu alisogea mpaka ukingoni mwa maji, akainua viganja, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini.

Kisha bibi akaomba apelekwe karibu. Walimshusha akakaa, akapapasa mawe moja moja, akiondoa nyasi kwa vidole, na ilimchukua muda mrefu kumaliza. Hakuna aliyemharakisha. Kunegunda akafungua kifurushi cha chakula, akagawa mafungu manne, moja akaliweka juu ya kaburi, moja akampa mama mkwe wake, na moja akamnyoshea Daimu.